Kutoka Arua Hadi Koboko: Mkopo Usiodai Hati ya Shamba

Ndugu msomaji, safari hii ilizaliwa na barua. Mama mmoja, mke wa askari, anayeishi na wakwe zake kando ya mji wa Koboko, alituandikia kwamba majirani wamemwita ajiunge na kikundi cha akina mama wanaokusudia kuomba mkopo wa Serikali wa kuanzishia biashara ndogo ndogo. Ameambiwa kuwa mkopo huo hauna dhamana. Mumewe yuko kazini Somalia, na nyumba wanayolala watoto ni ya ukoo wa mume. Mwisho wa barua aliuliza swali moja tu: "Tukishindwa kulipa, watachukua nini?"

Swali hilo lingeweza kujibiwa ofisini kwa mistari mitatu. Lakini mwandishi wa ukurasa huu ana udhaifu wa kupenda safari, na isitoshe niliona kwamba jibu la ofisini lingekuwa nusu ya jibu. Nilifunga mfuko wangu, nikapanda basi la usiku kwenda Arua.

Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na basi huvuka mto Nile mara mbili, kwanza pale Karuma penye maporomoko, kisha Pakwach ambako mto umetulia na kutanuka. Askari wa makamo watakaosoma habari hii hawana haja ya kuelezwa sifa za barabara iliyo kati ya madaraja hayo mawili. Katika miaka ya 1990, na hata baada ya kuingia karne hii, magari yalikusanywa pamoja na kusindikizwa na jeshi kwa hofu ya mashambulizi ya waasi wa LRA. Siku hizi abiria husinzia tangu Karuma, na anayewaamsha ni muuza samaki wa Pakwach anayegonga dirisha. Kijana aliyeketi karibu nami alishangaa nilipomwambia kwamba zamani watu walisali kabla ya kuingia kipande hicho cha njia.

Baada ya Pakwach barabara hupanda kuelekea Nebbi, hewa hubadilika, na kulipopambazuka tulikuwa Arua, mji ulio juu mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapo awali nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, eneo aliloshikilia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipokufa mwaka 1909. Kisha ikawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 West Nile ikaingizwa Uganda na Waingereza wakaweka boma lao Arua. Tangu Julai 2020 Arua ni jiji. Mgeni anayejua Kiswahili hapotei hapa. Vijana wengi wa Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kimadi waliingia jeshi la King's African Rifles, wakarudi nyumbani na Kiswahili cha kambini. Wanubi nao wana lugha yao ya Kinubi, na upepo wa Kilingala huvuma kutoka Kongo. Mtu atakuamkia kwa Kilugbara, "Mi ngoni?", na akiona umesita atahamia Kiswahili bila kukuonea.

Nilikwenda sokoni kabla ya kutafuta chai. Vitenge vya kutoka Kongo vilikuwa vimetundikwa mpaka vikaziba jua, na chini yake zilipangwa karanga, simsim, unga wa muhogo na mafungu ya angara, wale samaki waliokaushwa ambao harufu yake hutangulia mbele ya muuzaji. Wauzaji karibu wote ni wanawake. Nilikaa karibu na mama mmoja muuza angara, mtu wa miaka hamsini na kitu, nikamweleza habari ya barua niliyopokea. Alicheka kidogo, kisha akanisimulia mambo yake mwenyewe.

Kwa miaka mingi mtaji wake ulikuwa wa kuazima asubuhi na kurudisha jioni. Mwenye gari la samaki humwachia tenga moja, naye akiuza analipa na kubaki na faida ya chumvi na sabuni. Alipotaka kununua matenga matano kwa fedha zake mwenyewe alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, akapewa shilingi laki moja na kutakiwa kurudisha laki moja na elfu ishirini baada ya mwezi mmoja. Alipochoka na riba hiyo alikwenda katika benki moja, akaulizwa hati ya ardhi.

"Hati ya shamba gani?" alisema, akigeuza samaki wake juani. "Shamba la baba yangu ni la kaka zangu. Shamba la mume wangu ni la ukoo wao. Mimi nina jembe."

Maneno hayo yanaeleza shida yenyewe kuliko taarifa nyingi za semina. Sehemu kubwa ya ardhi ya Uganda inamilikiwa kwa mila, na katika West Nile karibu kila kijiji kiko hivyo. Katiba ya mwaka 1995 inautambua umiliki huo kuwa halali, lakini benki haziwezi kuweka rehani neno la wazee wa ukoo. Mwanamume mwenye kazi ya mshahara ana njia nyingine: askari wa UPDF wana chama chao cha akiba na mikopo kiitwacho Wazalendo, na polisi wana Exodus, na humo mshahara ndio unaomsemea mkopaji. Mkewe anayeuza samaki au kukaanga mandazi hana hati wala karatasi ya mshahara. Hata tumbaku, iliyokuwa zao kuu la fedha la West Nile kwa muda mrefu, haikumsaidia sana. Mama alipalilia, akachuma, akafunga majani, lakini mara nyingi jina lililoandikwa katika daftari la wanunuzi lilikuwa la baba.

Serikali ya Uganda imejaribu zaidi ya mara moja kuziba pengo hilo. Wakubwa wanaikumbuka Entandikwa, neno la Kiganda lenye maana ya mtaji wa kuanzia, mpango ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990. Fedha zilitolewa, lakini marejesho yakawa haba, kwa sababu uchaguzi wa mwaka 1996 ulikuwa karibu na wengi walizipokea kama shukrani ya kura. Mtu hafikirii kurudisha shukrani. Mimi naamini kwamba kosa hilo liliharibu zaidi ya fedha zilizopotea, maana liliwazoesha watu wengi kusikia neno "mkopo wa Serikali" na kuelewa "zawadi". Mpaka leo maofisa wa maendeleo ya jamii hutumia nusu ya mkutano wa kwanza kuliondoa wazo hilo.

Mpango ambao mama wa barua alikuwa akiuulizia ni ule wa kuwawezesha wanawake wajasiriamali, unaojulikana kwa kifupi kama UWEP, ulioanzishwa mwaka wa fedha 2015/2016 chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Wanawake wenye umri wa miaka 18 hadi 65 huungana katika kikundi cha watu 10 hadi 15, wakachagua kazi, wakaandika mradi wao kwa msaada wa ofisa wa gombolola, na mradi hupitia gombolola na wilaya kabla ya fedha kuingizwa katika akaunti ya kikundi. Kiwango cha kawaida hakizidi shilingi 12,500,000. Kinachorudishwa katika miezi 12 ya kwanza hakitozwi riba. Kinachobaki baada ya hapo hutozwa asilimia 5 kwa mwaka. Hakuna hati inayodaiwa, hakuna mbuzi anayeandikwa. Wanakikundi hudhaminiana wao kwa wao. Wajane, mama vijana wanaolea peke yao na wanawake wenye ulemavu wanatakiwa wakumbukwe kwanza.

Wazo la kudhaminiana si geni duniani. Huko Bangladesh, Profesa Muhammad Yunus alianza mwaka 1976 kuwakopesha watu maskini wa kijiji cha Jobra, na benki ya Grameen iliyotokana na kazi hiyo ilijulikana kwa vikundi vya watu watano watano. Lakini kitu kinaweza kusifiwa duniani kote na bado kikawatoa jasho watu wa Koboko, na huko ndiko nilikokuwa nakwenda.

Asubuhi ya pili nilipanda taksi. Barabara ya lami inayotoka Vurra, mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92, na ilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Arua hadi Koboko ni kilomita 55 hivi, kupitia Maracha. Dereva alikuwa mtu mwenye haraka, nami nilikuwa mtu mwenye hofu, hata sikupata nafasi ya kuutazama mlima Liru kama unavyostahili kutazamwa. Njiani nilihesabu baiskeli zilizobeba magunia ya muhogo mkavu mpaka nikaacha kuhesabu.

Koboko, iliyopata kuwa wilaya mwaka 2005, ni nchi ya Wakakwa, nao Wakakwa wako pande zote tatu za mipaka. Mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana huitwa Salia Musala, jina la Kikakwa lenye maana ya mafiga matatu. Mipaka ikitulia, Koboko hula; ikichafuka, Koboko hupokea wageni. Mwaka 1979, baada ya kuanguka kwa utawala wa Idi Amin, watu wa huku ndio waliokimbilia Kongo na Sudan, na wengi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980. Julai 2016, mapigano yalipozuka Juba na kuenea hadi Yei, mkondo uligeuka, na maelfu wakaingia Uganda kwa njia ya Oraba. Biashara ya mpakani ilikuwa tayari imejeruhiwa, maana Desemba 2015 paundi ya Sudan Kusini iliachwa ielee ikaporomoka, na mwenye kuuza kwa fedha hiyo jioni alikuta imepungua asubuhi.

Kikundi nilichotembelea kina akina mama kumi na wawili. Walikutana chini ya mwembe, mbele yao sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanawake watatu wasiolala nyumba moja. Mtindo huu wa sanduku la akiba ulienezwa Afrika na shirika la CARE kuanzia Niger mwaka 1991, na West Nile umepokelewa kama kwamba ulikuwa wa huku tangu zamani. Nilifurahi kusikia kwamba walikuwa wameweka akiba pamoja miaka mitatu kabla ya kuomba mkopo. Walijuana nani hulipa mapema, nani husema uongo kwa upole.

Walipata shilingi milioni tisa mwezi Juni 2019. Kila mmoja alichukua 750,000, na wakakubaliana kumaliza katika mwaka mmoja ili wasitozwe ile asilimia 5. Maana yake kila mwezi kila mama alileta 62,500. Wengi walinunua muhogo mkavu, wakausaga na kuuza unga Oraba. Mmoja alishona. Mwingine, mjane mwenye watoto wanne, alipika enyasa na mboga ya osubi kwa ajili ya abiria wa mabasi. Kuanzia Julai hadi Machi hakuna aliyekosa, na daftari lao, ambalo niliruhusiwa kulitazama, limenyooka kama mstari wa gwaride.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria na kusimamisha usafiri wa umma. Wauza chakula sokoni waliruhusiwa kuendelea kwa sharti la kulala huko huko sokoni, na akina mama wawili wa kikundi hiki walilala Arua juu ya magunia majuma kadhaa, wakiongea na watoto wao kwa simu. Malori ya mizigo yalipita, lakini mama mwenye baiskeli na magunia mawili hakupita. Na yule mjane mpishi hakuwa na abiria hata mmoja wa kumpikia. Mtaji wake uliliwa na watoto wake, na hakuna mtu anayeweza kusema ulipotea njia mbaya.

Kikundi kilikuwa kimebakiwa na deni la 2,250,000. Sehemu ya mjane ilikuwa 187,500. Ndugu msomaji, fedha hiyo haifiki bei ya mbuzi wawili wazuri, lakini ilitosha kuwagawanya wanawake waliokuwa wakizaa pamoja na kuzika pamoja. Mjane alibadili njia ya kwenda kisimani ili asikutane na wenzake. Mmoja wao alisimama mkutanoni akataka mbuzi wake wakamatwe. Aliyenisimulia haya ni mwenyekiti, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini.

"Nilimwambia, tukikamata mbuzi wa huyu, mwezi ujao tutakamata wa nani?" alisema. "Nilipotazama, kila mtu alikuwa anatazama chini."

Hatimaye walichukua katika mfuko wa jamii uliomo ndani ya sanduku lile, ule wa misiba na magonjwa, wakamlipia mwenzao kama mkopo wa ndani usio na riba. Wote kwa jumla walichelewa, na deni la Serikali lilikwisha Februari 2021. Nyongeza waliyotozwa kwa kuchelewa haikufika hata laki moja. Mabasi yaliporudi, mjane alirudi jikoni na kulipa kidogo kidogo hadi akamaliza. Nilimkuta hapo chini ya mwembe, akiwa ndiye mshika ufunguo wa pili. Lakini wanawake wawili walitoka katika kikundi kwa hasira, na nafasi zao zikajazwa na wengine. Mmoja wa waliotoka bado hasalimiani na mwenyekiti, ingawa nyumba zao zinatazamana.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la ile barua, nami nilikwenda kumpa mwenyewe nyumbani kwake alasiri ile, mama mkwe wake akiwa ameketi mlangoni akipeta simsim na kusikiliza kila neno.

Nilimwambia kwamba hawatachukua nyumba, wala shamba la ukoo, kwa kuwa havikuandikwa popote. Hawatakata mshahara wa mumewe. Kikundi ndicho kinachodaiwa, na ofisa atakuja mara ya kwanza na ya pili. Tena nisimfiche, imeripotiwa mara kadhaa nchini kwamba viongozi wa vikundi vilivyokaidi walikamatwa na polisi. Kwa hiyo asikubali uongozi wa kikundi asichokijua. Lakini yule atakayemdai kweli kweli ni jirani yake. Atamdai kisimani, kanisani na msikitini, na mtoto wa jirani atasikia. Je, kwa miaka mingapi amewajua wanawake hawa? Je, kuna sanduku, au wamekusanyika juzi waliposikia kuna fedha?

"Sanduku lipo mwaka wa pili," alijibu. "Mimi ndiye sijaingia."

Nilimweleza pia kwamba kuna milango mingine. Mpango wa Maendeleo wa Muluka, ambao wengi huuita PDM, ulizinduliwa Februari 2022. Kila muluka umetengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kaya hukopa milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na asilimia 30 ya fedha hizo ni fungu la wanawake. Upo pia mradi wa GROW, uliopewa dola za Marekani milioni 217 na Benki ya Dunia, ambao hupitisha mikopo ya wanawake katika mabenki kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Huo unamfaa zaidi mama ambaye biashara yake imekwisha simama. Kwa anayeanza na jiko moja la mkaa, kikundi cha majirani kinachoweka akiba ndiyo shule ya kwanza.

Mama mkwe aliacha kupeta. Aliuliza kwa Kikakwa, na mkaza mwanawe akanifasiria: je, mwanangu akirudi likizo, hatasema fedha hizi zinunue mabati? Niliona aibu kidogo kwa niaba ya wanaume wote wanaosoma ukurasa huu. Nimewahi kuona, na si Koboko tu, mtaji wa mama ukigeuka kuwa paa, na paa haliuzwi sokoni Jumamosi. Nilijibu kwamba fedha hiyo imeandikiwa kazi iliyotajwa katika mradi, na wenzake wana haki ya kuja kuiona kazi hiyo. Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwenye simsim yake, nami sikujua kama ameridhika.

Jioni mume alipiga simu kutoka Somalia. Mkewe alitoka uani akaongea naye kwa muda mrefu. Nilisikia neno "mashine ya kushonea" mara tatu, na mara moja "hapana, si mshahara wako". Aliporudi alikuwa amevaa uso wa mtu aliyebishana akapata nusu ya alichotaka. Mume alisema aingie kwanza katika kuweka akiba, mkopo utafuata atakapokuja likizo wazungumze.

Kabla sijaondoka kwenda kituo cha taksi, mwenyekiti wa kikundi cha jirani yao alipita njiani, na mama wa barua akamkimbilia kumuuliza wanakutana lini. Akaambiwa Alhamisi saa kumi, aje na kitambulisho cha taifa na shilingi elfu mbili, na asichelewe, kwa maana kufuli zikishafungwa hazifunguliwi tena mpaka juma lijalo.